Udongo na Rangi kwa Ajili ya Moyo Ulioumia



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto na usafi wa visima. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni la kitoto, nalo ni kufinyanga udongo, kuchora, kutunga shanga na kuchonga miti kwa ajili ya afya. Hatusemi kwa ajili ya kuuza, wala kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane. Twasema kwa ajili ya afya, na tutaeleza ni kwa nini tunaona kwamba kila kigango kinaweza kufanya hivyo, kama ambavyo sisi tumefanya hapa Hirbadaw.

Kila muuguzi aliyefanya kazi katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang anamfahamu mgonjwa tutakayemweleza. Anafika akilalamika kifua, mgongo, kichwa, na moto unaotembea mwilini kutoka bega hadi kisigino. Tunampima presha, ni nzuri. Tunampima malaria, hana. Mkojo, choo, wingi wa damu, vyote havina kasoro. Anapewa vidonge vya maumivu, anashukuru, anaondoka. Baada ya wiki mbili amerudi na maumivu yale yale, na safari hii amepita kwanza kwa mganga na amekwisha kuuza mbuzi. Ukimwuliza polepole usiku analalaje, anainamisha kichwa.

Wako wauguzi na matabibu wanaosema kwamba mtu wa namna hii hana ugonjwa, anasumbua tu foleni. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mtu huyu anaumwa kweli kweli. Huzuni iliyokaa muda mrefu huondoa usingizi, hukaza misuli ya shingo na mgongo, huharibu hamu ya kula, huenda mbio katika moyo hata mtu akadhani anakufa. Maumivu anayoyasikia si ya kubuni. Tatizo ni kwamba chanzo chake hakionekani kwa darubini ya maabara.

Tangu asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 wagonjwa wa namna hii wamekuwa wengi zaidi kwetu. Siku ile ilikuwa Dominika ya Kwanza ya Majilio. Wengine walikuwa wanajiandaa kwenda Misa, wengine walikuwa bado wamelala, pale matope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kupita katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na nyumba, mashamba na mifugo vikafunikwa. Sisi wa Hirbadaw matope hayakutufikia, lakini ni familia gani katika tarafa zetu isiyokuwa na shemeji, mjukuu au rafiki wa sokoni kule Katesh? Misaada ilifika kutoka kila upande wa nchi: magodoro, unga, mahindi, mablanketi, na baadaye nyumba mpya. Tunawashukuru wote waliotoa. Lakini godoro halimrudishii mtu usingizi wake, na hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumzia.

Mtu atasema, basi wakae na wauguzi wazungumze. Ni ushauri mzuri, nasi twazungumza nao kila siku. Hata hivyo yapo mambo mawili yanayotukwamisha. La kwanza ni lugha. Bibi wa Kibarabaig au wa Kiiraqw anayejua Kiswahili cha sokoni tu anakuja kliniki na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili ili amtafsirie. Je, bibi huyo atamwambia mjukuu wake atuambie kwamba usiku anasikia sauti ya binti yake aliyefariki, ambaye ndiye mama wa mtoto huyo huyo anayetafsiri? Hawezi. Atasema mgongo unauma. Nasi tutaandika katika kadi: maumivu ya mgongo.

La pili ni kwamba kumlazimisha mtu kusimulia msiba wake kabla hajawa tayari kunaweza kumwumiza upya. Zamani, baada ya ajali au janga, ilidhaniwa ni vizuri kuwakusanya watu mara moja na kuwatoa maneno yote ya moyoni kwa siku moja. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo. Linashauri kumpa mtu utulivu, chakula, usalama, watu wake wa karibu, na nafasi ya kusema anapotaka mwenyewe. Wanaokumbuka habari za Ayubu wanajua kwamba rafiki zake watatu walimfaa sana siku saba za kwanza walipokaa naye chini kimya, na matatizo yalianza pale walipofungua vinywa.

Sasa kukaa kimya saa mbili mkitazamana ni kazi ngumu. Mikono ikiwa na kitu cha kufanya inakuwa rahisi. Mama zetu wanajua jambo hili tangu zamani. Ni wapi akina mama wamesema mambo mazito zaidi, kwenye mkutano wa kijiji au pale walipokuwa wakichambua maharage? Jicho likiwa kwenye maharage, ulimi hulegea.

Kuhusu wale wanaosema kwamba sanaa ni mambo ya wazungu au ya watu wa mjini, tungependa kuwakumbusha tunaishi wapi. Ukishuka kutoka Babati kwa barabara ya Kondoa utafika Kolo, na hapo kwenye miamba iko michoro ya watu na wanyama, mingi kwa rangi nyekundu, iliyochorwa na wakazi wa kale wa nchi hii. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Sketi za ngozi za akina mama wa Kibarabaig, vibuyu vilivyopambwa kwa shanga, bangili za shaba, fimbo za wazee zilizochongwa na kung'arishwa kwa mafuta, vyote hivyo ni sanaa, na kila kimoja kinasema jambo juu ya aliyekivaa au aliyekishika. Watoto wanaochunga hufinyanga ng'ombe wa udongo kandokando ya mito bila kufundishwa na mtu yeyote.

Hali kadhalika tusijidai kwamba kila desturi ya zamani ilimfaa mfiwa. Wazee wa Kiiraqw wanakumbuka metimani, ambapo mtu aliyepatwa na kifo cha namna fulani nyumbani kwake, hasa cha mtoto, alitengwa na wenzake kwa muda mrefu, haingii kwa jirani, hachangii chombo, haendi kisimani pamoja na wengine. Ilikuwa na sababu zake wakati ule, nasi hatuwacheki wazee wetu. Siku hizi desturi yenyewe imefifia sana, lakini tabia ya kumkwepa mfiwa tunaiona bado. Watu huja matanga, wanakula, wanachangia, halafu baada ya arobaini hakuna anayegonga mlango. Mama anabaki peke yake na jiko lake.

Katika nchi nyingine hospitali zimelitambua jambo hili siku nyingi. Mchoraji mmoja Mwingereza, Adrian Hill, aliugua kifua kikuu akalazwa katika sanatoria mwaka 1938. Ninyi mliowahi kuuguza mgonjwa wa TB katika siku za matibabu marefu mnajua uchovu wa kulala miezi na kutazama dari. Yeye alianza kuchora kitandani vitu vilivyokuwa karibu naye, akaona moyo unapata nafuu, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Hapa kwetu Tanzania, hospitali ya magonjwa ya akili ya Walutheri kule Lutindi, katika milima ya Usambara, imekuwa ikiwapa wagonjwa kazi za mikono kama sehemu ya uangalizi wao. Na mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilitoa taarifa iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, ikasema kwamba sanaa husaidia kuzuia baadhi ya matatizo, na huwasaidia wagonjwa kuyabeba yale waliyo nayo. Haikusema kwamba sanaa inachukua nafasi ya dawa, nasi hatusemi hivyo.

Basi, tunafanyaje hapa Hirbadaw? Hakuna siri kubwa. Tunakutana Jumamosi alasiri, saa mbili tu, baada ya mavuno, wakati kazi za shamba zimepungua. Tulichagua Jumamosi isiyo na mnada, kwa sababu hakuna warsha duniani inayoweza kushindana na mnada. Tunakaa chini ya mti karibu na kanisa la kigango, si ndani, kwa kuwa ndani watu wanakaa wima kama wanasubiri ibada. Watu ishirini wanatosha. Wakizidi hapo inakuwa mkutano wa hadhara, mwenye sauti kubwa anasema na aliyeumia anarudi nyumbani alivyokuja. Dini na kabila hatuulizi. Akina mama wa WAWATA ndio wanaopika uji na kuwaalika majirani, na kwa kweli bila wao pasingefanyika lolote.

Siku ya kwanza watu kadhaa waliuliza posho ni shilingi ngapi. Hatuwalaumu, kwani semina nyingi zimewazoesha hivyo. Tulijibu kwamba hakuna posho, kuna uji. Wachache waliondoka. Waliobaki ndio waliohitaji kubaki, na ushauri wetu kwa parokia nyingine ni kutokuanza na posho hata kama yupo mfadhili, maana siku fedha zikiisha na watu wataisha.

Vifaa havina gharama. Udongo tunauchimba mahali ambapo mama mfinyanzi wa kijiji ametuonyesha, tunautoa mawe na mizizi, tunaulowanisha usiku mmoja na kuukanda kama unga wa chapati. Makaa ya jikoni yanachora vizuri kuliko kalamu nyingi. Udongo mwekundu na majivu vikichanganywa na uji mzito wa unga vinakuwa rangi. Karatasi ni migongo ya kalenda za mwaka uliopita, na maboksi ya dukani yaliyochanwa. Shanga kila mwanamke anazo. Kwa upande wa usalama, kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, lazima tuonye mambo matatu. Msitumie unga mweusi wa betri kuukuu kwa kupata rangi nyeusi, una sumu, na watoto hupeleka vidole mdomoni. Chokaa isiyozimwa inaunguza macho, iachwe kabisa. Na anayechonga akijikata, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha afike kituo cha afya kuuliza habari ya chanjo ya pepopunda hata kama jeraha ni dogo.

Tukianza, hatutoi hotuba. Sala fupi, kisha kila mtu anachagua udongo, makaa, shanga au kisu. Anayetaka kufinyanga ng'ombe afinyange ng'ombe, anayetaka kukaa tu na donge la udongo mkononi na akae. Mama mmoja aliyekuwa amekuja hospitali mara tano kwa maumivu ya kifua alifinyanga chungu kidogo cha kuenea kiganjani, akakitazama, akakibomoa, akafinyanga kingine. Jumamosi iliyofuata akafanya vile vile. Hakuna aliyemwuliza. Wiki ya tatu, akiwa anasugua ukingo wa chungu kwa gunzi, alitaja jina la dada yake aliyekufa Katesh, akasema dada huyo ndiye aliyekuwa na mkono wa vyungu katika familia. Mwenzake aliyekaa karibu alisema naye alimfahamu, aliwahi kununua chungu kwake. Wakaendelea kufinyanga. Kifua cha mama huyo hakikupona siku hiyo, wala hatutaki kuwadanganya. Lakini sasa alikuwa na mtu wa kumtaja dada yake mbele yake, na alipokuja tena kliniki alituambia habari yenyewe kwa kinywa chake, bila mjukuu, tukajua tunatibu nini.

Sasa tufike kwenye jambo tunalolitilia mkazo kuliko yote. Msitafsiri kazi ya mtu. Ni kishawishi kikubwa, hasa kwa sisi wenye vyeti. Kulikuwa na mtoto wa shule ya msingi ambaye kila wiki alichora kwa makaa matupu, mlima mweusi, nyumba nyeusi, mbuzi weusi. Mgeni mmoja aliyetutembelea alisikitika sana, akatueleza kwa kirefu jinsi weusi ule unavyoonyesha jeraha la ndani. Baada ya mgeni kuondoka tulimwuliza mtoto anapenda rangi gani. Akajibu anapenda nyekundu, ila wakubwa huwahi kuichukua yote na yeye huachiwa makaa. Wiki iliyofuata tulimwekea udongo mwekundu pembeni, akachora mbuzi wekundu. Labda alikuwa na huzuni, labda hakuwa nayo. Picha haikutuambia. Yeye ndiye angeweza kutuambia, siku akitaka.

Historia inaye mwalimu mmoja ambaye tunapenda kumtaja kwa habari ya watoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wayahudi wengi walifungwa katika kambi ya Terezin, katika nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Cheki. Mmoja wao alikuwa mchoraji Friedl Dicker-Brandeis. Aliwafundisha watoto wa kambi kuchora kwa siri, kwa karatasi zozote zilizopatikana. Walichora maua, nyumba, meza zenye chakula, na mara chache mambo ya kambini. Aliwahimiza waandike majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo walinzi waliwaita kwa namba. Mwaka 1944 aliuawa Auschwitz, na wengi wa watoto hao pia waliuawa. Michoro kama 4,500 iliyofichwa katika masanduku ya safari ilipona, na imehifadhiwa Praha. Uchoraji haukuwaokoa na kifo. Uliwapa saa chache za kuwa watoto wenye majina, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema saa hizo zilipotea.

Kwa sababu hiyo hiyo tunasema kazi ni mali ya aliyeifanya. Anaweza kwenda nayo nyumbani, kuichoma, kuizika au kuiacha. Haibandikwi ukutani bila ruhusa yake. Haipigwi picha kwa simu na kurushwa huku na huku, hasa ya mtoto, hata kama mpigaji ana nia njema ya kuwaonyesha wafadhili. Tumelazimika kuwaomba baadhi ya wageni wafute picha walizopiga, na walinuna. Wacha wanune.

Lipo pia suala la kuuza. Kila mara anatokea mtu mwenye busara ya biashara na kusema: mbona hivi vyungu na shanga tusivipeleke Arusha kwa watalii, kikundi kikapata fedha? Hatupingi biashara. Huko Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alikuwa miongoni mwa walioanzisha Nyumba ya Sanaa, na vijana wengi, baadhi yao wenye ulemavu, walijifunza kazi hapo wakajipatia riziki. Ilikuwa kazi njema. Lakini ni kazi nyingine. Mara tu kitu kinapokuwa cha kuuza, kinahitaji kuwa kizuri, na mara kinapohitaji kuwa kizuri, yule mama mwenye mikono inayotetemeka anajiona hafai na hatarudi. Anayetaka kuuza aanzishe kikundi chake siku nyingine ya juma, na tutakuwa wanunuzi wake.

Wakati mwingine, kwa vijana wa VIWAWA na watoto wa Utoto Mtakatifu walio wakubwa kidogo, tunatumia njia iitwayo mti wa maisha. Ilibuniwa miaka ya 2000 na mwanasaikolojia Ncazelo Ncube kutoka Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto walioondokewa na wazazi kusini mwa Afrika. Kila mtu anachora mti. Kwenye mizizi anaweka alikotoka, ukoo wake, lugha yake, waliomlea. Ardhi ni maisha yake ya kila siku. Shina ni mambo anayoyaweza, matawi ni matumaini yake, majani ni watu anaowapenda, walio hai na waliokufa, na matunda ni vitu alivyopewa na wengine. Miti ikiisha inawekwa pamoja ikawa msitu, na hapo ndipo watu wanapozungumzia dhoruba zinazopata misitu, na jinsi miti inavyosimama. Angalieni mpangilio huo. Dhoruba haiji mwanzoni. Mtoto kwanza anasimama kwenye mizizi yake, halafu ndipo anaangalia upepo. Hapa watoto wengi huchora mgunga, na mmoja alichora mgunga wenye nyuki, akasema nyuki ni shangazi zake.

Wanaume ni habari nyingine. Kwa majuma mengi walikaa mbali kidogo, chini ya kivuli cha ukuta, wakituangalia kama watu wanaongoja basi. Kufinyanga ni kazi ya wanawake, walisema, na kuchora ni kwa watoto. Tulipoleta vipande vya mti na patasi moja, mzee mmoja alikuja kurekebisha mguu wa kigoda kilichovunjika, maana alishindwa kuvumilia kuona tunavyokishika. Siku hizi wanakuja kama sita au saba, wanachonga fimbo na mipini ya majembe. Wanazungumza kidogo sana, na mara nyingi juu ya mvua. Lakini wanakuja. Mwanaume wa kwetu akifiwa anaambiwa ajikaze, na wengi hujikaza kwa gongo, hadi ini linaharibika au mke anapigwa. Ikiwa kigoda kinampa mahali pa kukaa saa mbili bila chupa, tunakipokea kigoda kwa mikono miwili.

Baadhi ya waamini waliona wasiwasi kwamba sanamu za udongo zinaweza kufanana na mambo ya ushirikina. Ni swali halali, na tulilipeleka kwa Paroko kabla ya kuanza, jambo tunalowashauri wote wafanye. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu mwenyewe anamjaza Bezaleli roho yake ili awe fundi wa dhahabu, mawe na miti, na nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi akasikie neno huko. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wasanii barua nzima. Kinachokatazwa ni kuiabudu kazi ya mikono au kuifanyia uganga, na hapa kwetu hakuna afanyaye hivyo. Ng'ombe wa udongo ni ng'ombe wa udongo.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu inayofuata, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kupona au kupotea. Wengi wanaopatwa na msiba mkubwa hupata nafuu polepole wakiwa na watu wao, bila dawa. Wachache hawapati. Mkiona mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali, hali, haogi, hafurahii hata mjukuu wake. Au anayezungumzia kufa, kugawa vitu vyake, kujidhuru. Au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Au mama aliyejifungua karibuni ambaye hataki kumtazama mtoto. Au mtu ambaye pombe yake imeongezeka ghafla, huyo aletwe hospitali, asiachwe kwenye udongo na shanga peke yake. Anayezungumzia kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na kamba na dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpunguzia mzigo. Zipo dawa za sonona, si za kulevya, ila huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na hazikatizwi bila kumwona mtaalamu. Wengi wanaziacha siku ya tano wakisema hazifai. Kwa ajili hiyo katika kila warsha tunataka awepo angalau mtu mmoja, muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye kazi yake si kufinyanga bali ni kuangalia watu kwa utulivu, na kumsindikiza anayehitaji.

Parokia zitakazopenda kuanza zisingoje mradi wala barua kutoka mjini. Chagueni mama mmoja mwenye subira, katekista, na mhudumu wa afya. Mwombeni Paroko ruhusa. Chimbeni udongo kabla mvua hazijaanza, maana mvua zikianza shimo hujaa maji na udongo unaoza, nao hufunikwa kwa magunia mabichi ukadumu miezi. Anzeni na watu kumi. Mkikwama, waleteni wawili wenu Hirbadaw Jumamosi moja wakae nasi. Uji upo, ila waje na visu vyao, vyetu ni vichache.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kifafa na moto wa jikoni, kwa kuwa msimu wa baridi umetuletea tena watoto walioungua.